Flashi imejaa lakini ukiifungua haina kitu? Usifomati, angalia alama za mafaili kwanza

Kuna dada mmoja aliwahi kuniletea flashi ya GB 16 sauti imemkauka, anasema tasnifu yake yote imepotea na kuna mtu keshamshauri aifomati tu aanze upya. Nikaichomeka, nikaangalia nafasi iliyotumika, karibu GB 11. Sasa GB 11 za nini kama flashi ni tupu? Ukiifungua unakuta kashotikati (aikoni ya njia ya mkato) kamoja tu kamekaa pale peke yake. Hapo nikajua mafaili yapo yote, yamefichwa tu na virusi, na kuyarudisha ilikuwa ni mstari mmoja wa komandi na kusubiri kidogo. Ndo maana naandika hii, kwa sababu watu wengi wanafomati flashi zenye kazi zao za miaka na miaka kumbe hakuna kilichofutika.

Hizi alama ni kitu gani

Kila faili lina jina, lina ukubwa, lina tarehe, na pembeni ya hivyo lina vialama vidogo vya ndiyo au hapana, ndo wanaviita atributi. Kwenye Windows vinne vya kujua ni hivi: R maana yake faili la kusomwa tu lisiandikwe juu yake, H limefichwa, S ni faili la mfumo, na A inamaanisha limebadilishwa na linasubiri kuchukuliwa bakapu. Hiyo A usihangaike nayo, utaiona karibu kila mahali na haina madhara.

Kinachonifurahisha mimi ni jinsi kitu chenyewe kilivyo kidogo. Kwenye flashi ya FAT32 (FAT32 na NTFS ni mipangilio ya kupanga mafaili kwenye diski) kila faili lina kumbukumbu yake ya baiti 32, baiti 11 za mwanzo ni jina, ya 12 ndo inabeba alama zote. R ni 1, H ni 2, S ni 4, folda ni 16, A ni 32, unajumlisha. Kwa hiyo faili la tasnifu lenye A, S, H na R linasomeka 32+4+2+1, yaani 39. Virusi havikugusa hata herufi moja ya tasnifu, vilichofanya ni kubadilisha 32 kuwa 39 kwenye baiti moja. Na sisi tunachoenda kufanya ni kurudisha 39 iwe 32, basi. Kama diski ni NTFS alama zinakaa sehemu nyingine ila namba ni zile zile.

Na kwa nini H peke yake haikuwatosha waliotengeneza hivyo virusi? Kwa sababu faili lenye H tu utaliona ukiwasha kuonyesha vilivyofichwa. Lakini likiwa na H na S kwa pamoja Windows inalichukulia kama mali ya mfumo, inaendelea kulificha hata ukiwa umewasha hiyo, na ukienda kwenye propati za faili kile kiboksi cha Hidden unakikuta cha kijivu hakibonyezeki. Hapo mtu anakata tamaa. Komandi yenyewe haina shida na hilo.

Hatua ya 1: usibofye ile shotikati

Hii naisema kwa herufi nzito kabisa moyoni mwangu. Tangu Windows 7 flashi haiwezi tena kujiendesha yenyewe ukiichomeka, kwa hiyo virusi vinahitaji wewe uviwashe kwa mkono wako, na ndo kazi ya ile shotikati, inaonekana kama folda au kama flashi yako, ukibofya mara mbili inakufungulia mafaili yako kweli lakini kwanza inaendesha kirusi. Watu wanasema "mbona mimi nikibofya inafunguka vizuri tu", ndio, na kompyuta yako ishaambukizwa.

Kama kompyuta unayotumia ndo imeambukizwa, safisha hiyo kwanza kwa antivirusi, la sivyo utaondoa alama na baada ya sekunde chache zinarudi zote, utabaki unazunguka tu. Ukiwa na mashine ya Linux karibu ni njia nzuri zaidi, ichomeke huko, Linux kwa kawaida haizijali hizo H na S za flashi, utaona kila kitu wazi, unakopi kazi zako pembeni, unapumua, ndo unarudi kushughulika na mengine.

Hatua ya 2: fungua dirisha la komandi na uijue herufi ya flashi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, enta. Linakuja lile dirisha jeusi. Angalia flashi yako imepewa herufi gani kwenye orodha ya diski, tuseme ni F. Angalia mara mbili tafadhali, nitakwambia huko mbele kwa nini. Alafu andika

`F:`

enta, utaona mstari umebadilika umeanza na F. Sasa

`dir /a`

Hii `/a` ndo inayosema nionyeshe vyote, vilivyofichwa na vya mfumo. Ukiandika `dir` tupu utaona ile shotikati tu, ukiandika `dir /a` yanamwagika majina yote, folda zina `<DIR>` pembeni. Yule dada alipoona jina la folda yake kwenye lile dirisha alishika mdomo. Na mimi huwa napenda kumwonyesha mtu hii hatua kabla sijarekebisha chochote, maana anatulia, anajua kitu kipo.

Kama `dir /a` nayo haionyeshi kitu na nafasi iliyotumika ni sifuri, hapo sio suala la alama tena, mafaili yamefutwa kweli. Usiandike chochote kwenye hiyo flashi, itoe, tafuta programu ya kurejesha kama PhotoRec kwenye kompyuta safi. Lakini ukiona majina, endelea.

Hatua ya 3: soma alama zilizopo

Ukiandika `attrib` alafu jina la faili inakusomea alama zake:

`attrib tasnifu.docx`

inajibu hivi

`A  SHR    F:\tasnifu.docx`

Hizo herufi za kushoto ndo zenyewe. Ukiandika `attrib` bila kitu inasoma mafaili yote ya folda uliyomo. Jina lenye nafasi katikati lifunge kwa alama za kunukuu, `attrib "tasnifu sura ya 3.docx"`, la sivyo inaona ni vitu vinne tofauti na inakataa.

Hatua ya 4: ondoa alama

Kanuni ni rahisi, minasi inaondoa na plasi inaweka. Sasa mtu anafikiria vizuri tu kwamba tatizo ni kufichwa basi aondoe H, anaandika `attrib -h tasnifu.docx`, anajibiwa

`Not resetting system file - F:\tasnifu.docx`

Anasema sawa ngoja nianze na S, anaandika `attrib -s tasnifu.docx`, anajibiwa

`Not resetting hidden file - F:\tasnifu.docx`

Yaani kila mlango unakwambia nenda ule mwingine. Hapa ndo wengi wanaamua kuwa flashi imekufa. Sio kufa, attrib haikubali kugusa faili lenye S kama hujataja S, na haikubali kugusa lenye H kama hujataja H, kwa hiyo unazitaja zote kwenye mstari mmoja:

`attrib -s -h -r tasnifu.docx`

Haitasema kitu, inarudi kimya kwenye mstari mpya, na huo ukimya ndo imekubali. Soma tena kwa `attrib tasnifu.docx` utaona imebaki A peke yake.

Kwa flashi nzima unaandika hivi

`attrib -s -h -r /s /d F:\*.*`

Ile `/s` inaingia kwenye kila folda na folda za ndani yake, na `/d` inasema usiguse mafaili tu gusa na folda zenyewe. Ukisahau `/d` mafaili ya ndani yatafunguliwa ila folda inabaki imefichwa, kwa hiyo machoni pako hakuna kilichobadilika. Angalia na mkwaju, kwenye `/s` na `/d` ni ule unaolala mbele `/`, na ule unaolala nyuma `\` ni wa kwenye njia tu `F:\`, ukiichanganya haifanyi kazi. Na minasi inagusana na herufi yake, ukiweka nafasi ukaandika `- h` inalalamika `Parameter format not correct`. Flashi kubwa yenye picha nyingi itachukua muda, kistari kinapepesa tu, usiifunge na usichomoe.

Katikati unaweza kuona `Access denied` kwenye folda inaitwa System Volume Information, usishtuke, hiyo ni ya Windows yenyewe na ni sawa kabisa ibaki imefichwa.

Ukimaliza fungua flashi kawaida. Wakati mwingine utakuta folda moja ambayo haina jina, nafasi tupu tu chini ya aikoni. Sio kosa, kuna virusi vinatengeneza folda yenye jina la herufi isiyoonekana na kuhamishia kila kitu humo. Ingia, kata vitu vyako, vitoe nje uviweke sehemu yake, alafu futa hiyo folda.

Hatua ya 5: toa takataka

Sasa shotikati zifute

`del F:\*.lnk`

na angalia kama kuna mafaili usiyoyajua yanayoishia na .vbs, .js, .wsf, au .exe yenye aikoni ya folda. Aikoni ya folda lakini mwisho wa jina ni .exe, hiyo ni ya kufuta bila huruma. Kisha skani flashi nzima. Usianze kufungua nyaraka kabla ya kuskani.

Sasa ile niliyosema nitakwambia

Hakikisha ni herufi ya flashi. Nimeona mtu kaandika huo mstari mzima kwa C badala ya F, akidhani anasafisha kompyuta yote kwa mkupuo. Kwenye C kuna vitu vingi vimefichwa kwa sababu ya msingi, mafaili ya desktop.ini (yanayobeba mipangilio ya mwonekano wa folda) yanaibuka kila mahali, folda maalumu zinapoteza aikoni zake kwa sababu ni R au S ya folda ndo inaiambia Windows isome ile desktop.ini, na zinaonekana folda za zamani ambazo ukizibofya zinakukatalia. Kompyuta haifi, ila inakuwa vurugu na kurudisha kila alama mahali pake ni kazi ya kuchosha sana. Kwenye C fanya faili moja moja unalolijua.

Kuziweka alama kwa faida yako

Sio virusi tu vinaweza kutumia hivi vitu. Mimi nakala ya mwisho ya kazi huwa naiwekea R:

`attrib +r ripoti-ya-mwisho.docx`

Nikiifungua na kubadilisha kwa bahati mbaya, ikifika kuhifadhi inanitaka nitoe jina jipya, ile ya asili inabaki. Komandi ya `del` nayo inagoma na `Access is denied`. Ila jua mipaka yake, jina linaweza kubadilishwa, na yeyote anaweza kuitoa R kama ulivyoiweka, au kufuta kwa `del /f`. R inakukinga na mkono wako mwenyewe ukiteleza, haikukingi na mtu mwingine. Vile vile kuficha kitu kwa `+h +s` ukadhani ni siri, hapana, `dir /a` inamaliza mchezo wote kwa sekunde. Siri inataka nywila na kufungwa kwa usimbaji.

Kiboksi cha Read-only kwenye propati za folda nacho kinawasumbua watu, wanakitoa kinarudi, wanakitoa kinarudi. Kwenye folda hiyo R haizuii kuandika ndani yake. Ukikataliwa kuhifadhi kwenye folda, tafuta shida kwenye ruhusa za mtumiaji, sio hapo.

Wanaotumia PowerShell, lile dirisha jingine la komandi la Windows, mnaweza kuiona ile hesabu ya mwanzo kwa macho:

`[int](Get-Item F:\tasnifu.docx -Force).Attributes`

Kabla itakupa 39, baada ya kuondoa inakupa 32. Ile `-Force` usiiache, bila hiyo inakwambia faili halipo.

Upande wa Linux

Huku kuficha faili hakuna alama, ukianza jina na nukta limejificha, kwisha. Ila kuna alama zenye nguvu kuliko za Windows, na komandi ni mbili, `lsattr` ya kusoma na `chattr` ya kubadilisha. Zinafanya kazi kwenye diski zilizopangwa kwa mipangilio ya Linux kama ext4, XFS, Btrfs na wenzake, ila kwenye flashi ya FAT utajibiwa `Inappropriate ioctl for device`, usilazimishe.

Ya kujua kuliko zote ni `i`:

`sudo chattr +i mipangilio.conf`

Kuanzia hapo hilo faili haliandikwi, halifutwi, halibadilishwi jina, na hata root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, akijaribu anajibiwa `Operation not permitted`. Sio kama ruhusa za `chmod` ambazo root anazipita tu. Root anachoweza ni kuitoa kwanza kwa `chattr -i`, ndo afanye anachotaka. Ukisoma

`lsattr mipangilio.conf`

unaona `----i---------e-------`, ile `i` ndo kufuli, na `e` ni kawaida ya ext4 iache ilivyo.

Na hapa ndo mambo yanafanana na ya flashi. Mtu anaingiliwa seva yake, anakuta faili la mgeni kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe), anafuta kama root inakataa, anabadilisha ruhusa inakataa, anaanza kufikiria diski imeharibika. Diski haina shida, aliyeingia ameweka `i`. Angalia faili kwa `lsattr`, na uangalie folda iliyolibeba kwa `lsattr -d`, maana folda ikiwa na `i` huwezi kuongeza wala kufuta kitu ndani yake hata kama faili lenyewe halina alama. Toa kote kuwili kwa `chattr -i`, kisha futa. Wakati mwingine wanaondoa hata programu ya `chattr` yenyewe ili ukwame, basi weka upya paketi ya e2fsprogs, inakuja nayo. Kufuta hilo faili hakuisafishi seva, bado lazima utafute alipitia wapi, lakini angalau mikono yako haijafungwa.

Nyingine ni `a`, faili linaongezwa mwishoni tu. Nzuri kwa logi, yaani mafaili ya kumbukumbu za matukio, `echo "mstari" >> kumbukumbu.log` inakubali lakini mshale mmoja `>` unaofuta vya nyuma unakataliwa. Kumbuka tu kuwa ile programu inayozungusha logi kila wiki nayo itagoma kwa sababu haiwezi kubadilisha jina la faili, kwa hiyo usiiweke kwenye logi zinazozungushwa bila kupanga.

Na ukiweka `i` kwenye kitu cha mfumo kama /etc/passwd, andika mahali. Kweli kabisa andika. Baada ya miezi sita utaongeza mtumiaji mpya au utafanya apdeti, itafeli, na utatafuta sababu kila sehemu isipokuwa hapo. Kuna na /etc/resolv.conf ambayo watu wanapenda kuifunga isibadilishwe na mtandao, kwenye mifumo mingi ya sasa hiyo ni linki tu inayoelekea faili jingine, na linki haipokei hizi alama, angalia kwa `ls -l` kabla hujahangaika.

Mac kwa kifupi

Komandi ni `chflags`, na ya kusoma ni `ls -lO`, hiyo ni herufi O kubwa sio sifuri. `chflags hidden jina` inaficha, `chflags nohidden jina` inafichua. Ile Locked unayoiona kwenye Finder, huku inaitwa `uchg`, kwa hiyo folda iliyokopiwa kutoka diski ya zamani ikiwa haifutiki wala haihaririki, na ruhusa zote unaziona ziko sawa, jaribu

`chflags -R nouchg "jina la folda"`

alafu soma tena kwa `ls -lO`, ukiona neno uchg limetoka basi itafutika. Ukikuta imeandikwa `schg` hiyo inataka `sudo` na `noschg`, na ukikuta `restricted` iache hapo hapo, hiyo ni ya mfumo unaojilinda na hata sudo haitaigusa.